SOMO LA UFUNDI: Filtri ya mafuta ya motere, kuichagua na kuigeuza



Wote munajua ile safari ya Uvira. Kamyoneti yetu ilitelemka kuchukua unga na samaki, kisha siku mbili ikarudi ikivutwa na lori kwa kamba, na juma ile mulikula maharagi bila samaki. Tangu siku ile nimesikia maneno mengi barazani: eti Papa shofere hakukaza filtri, eti alikuwa na haraka ya kufika kwake. Maneno yale si kweli. Filtri ile niliinunua mimi mwenyewe mjini, na niliichagua kwa sababu niliiona kubwa na nzuri kupita ile ya zamani. Papa shofere aliifunga ginsi inavyopasa. Kosa ni langu, na ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tano mwenye kipimo cha milimita mkononi angeliona mbele ya safari. Njo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu.

Tuanze na njia ya mafuta. Chini ya motere kuna karai la chuma linaloitwa karteri. Mafuta yanakaa mule. Pompi inayavuta kupitia wavu, inayasukuma ndani ya filtri, na kutoka kwa filtri yanaingia katika matundu madogo yaliyotobolewa ndani ya chuma cha motere, hata kufika kwenye vilbrekeni na kusine zake. Pale vilbrekeni haigusi kusine. Inaelea juu ya mafuta. Nafasi iliyo kati yao ni ndogo sana, na motere inapolemewa na mzigo utando wa mafuta unabaki wa mikroni chache tu. Mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1000. Unywele wa mutu una unene wa mikroni 70 hivi. Sasa fikiri chembe ya mchanga yenye nusu ya unywele ikiingia pale: inapita ikikwaruza, na mkwaruzo hauponi.

Uchafu unatoka wapi? Sehemu moja ni masizi ya petroli ao mazutu inayoungua. Sehemu ni unga wa chuma unaotoka kwa vyuma vinavyosuguana. Lakini kwetu, katika kiangazi, kutoka mwezi wa 6 hata mwezi wa 8, mwizi mkubwa ni vumbi la barabara, nalo linaingia kwa njia ya hewa. Mutu anayetafuta filtri ya mafuta ya bei kali, naye filtri yake ya hewa imepasuka na kufungwa na mpira wa baiskeli, anamwaga feza yake chini. Nimeona magari ya namna hii mengi, na wenyewe wanalalamika paka juu ya mafuta.

Sasa tufungue filtri. Mwezi uliopita wanafunzi wa mwaka wa tano walikata filtri ya zamani ya kamyoneti kwa msumeno wa chuma. (Ukikata kwa msumeno, usihesabu chembe zote zinazong'aa kuwa uchafu wa motere. Nyingi ni za msumeno wako.) Ndani walikuta karatasi ngumu ya rangi ya udongo iliyokunjwa-kunjwa kama akordeo ya kanisani, ikizunguka mrija wa chuma wenye matundu. Mafuta yanaingia kutoka inje ya karatasi, yanapenya, na kutoka katikati.

Kwa nini kukunja? Tulihesabu mikunjo 60. Kila mkunjo una pande mbili, kina chake ni sentimita 1,5 na urefu ni sentimita 7. Basi eneo la karatasi yote ni 60 × 2 × 1,5 × 7, ni kusema sentimita 1.260 za mraba. Kama karatasi hii ingelikuwa imezungushwa tu bila kukunjwa, kwenye mviringo wa sentimita 20 hivi, tungelipata sentimita 140 za mraba. Mikunjo imetupa mara tisa. Karatasi yenye eneo kubwa inapitisha mafuta bila kuyazuia, na inakawia kujaa uchafu. Hapa ndipo filtri ya bei ya chini inapoonekana: inje rangi ni ile ile, ndani mikunjo ni michache na imeachana kama meno ya mzee. Filtri ya kawaida iliyo nzuri inashika vizuri chembe za mikroni 20 hata 40. Zilizo ndogo zaidi nyingi zinapita, zinazunguka mara nyingi, na zingine zinashikwa baadaye.

Pamoja na karatasi tulikuta klape mbili, na juu ya hizo wanafunzi waliniuliza maswali mazuri.

Klape ya kwanza ina springi. Karatasi ikiziba, ao mafuta yakiwa mazito kwa sababu ya baridi ya asubuhi, presyo inazidi upande mmoja wa karatasi. Tofauti ikifika kama bari 1, springi inajikunja na mafuta yanapita pembeni bila kuchujwa. Mwanafunzi mmoja akasema: «Mwalimu, basi klape hii inaharibu kazi. Inapitisha uchafu!» Nilimwuliza kama akiwa na kiu ya kufa atakataa maji ya mto. Motere yenye mafuta machafu itazeeka mbele ya wakati. Motere isiyo na mafuta inakufa kwa dakika chache. Mujue tena kwamba motere zingine zina klape hii ndani ya chuma cha motere chenyewe, na filtri zake zinatengenezwa bila klape. Ukichukua filtri ya namna hii na kuiweka kwa motere isiyo na klape yake, siku karatasi itakapoziba hakuna njia nyingine ya mafuta.

Klape ya pili ni kipande cha mpira mwembamba kinachofunika matundu ya kuingilia. Inazuia mafuta yasirudi katika karteri wakati motere imelala. Kama filtri imesimama na mdomo juu, klape hii haina kazi kubwa. Lakini kama imelala ubavuni ao imepinduliwa, na mpira wake umekauka, kila asubuhi filtri iko tupu. Utasikia motere ikigonga-gonga sekunde za kwanza na taa nyekundu ya mafuta ikikawia kuzimika. Watu wanasema «motere imezeeka» na kumbe ni kipande cha mpira.

Sasa tufike kwa kosa langu.

Filtri inafungwa juu ya shina la chuma lenye meno. Shina la kamyoneti yetu ni la kipimo cha inchi: inchi 3/4, meno 16 kwa inchi moja. Kwa milimita, unene wake ni 19,05, na kutoka jino hata jino ni milimita 1,5875. Magari mengi ya Toyota, Volkswagen na Ford yanatumia kipimo hiki. Lakini kuna kipimo kingine kinachofanana nacho kama pacha, kile cha M20: unene wa milimita 20, jino hata jino milimita 1,5. Kipimo hiki kiko kwa magari mengi ya Mitsubishi, Honda, Hyundai na Renault. Filtri niliyonunua ilikuwa ya M20. Mpira wake ulikuwa sawasawa na ule wa zamani, rangi yake nzuri, na ilikuwa ndefu zaidi kwa sentimita 2. Nikasema moyoni: karatasi zaidi, mafuta safi zaidi. Mwuzaji naye akasema «inaingia», na kweli iliingia.

Hili ndilo jambo la kushangaza. Shina la M20 halikubali filtri ya inchi, kwa kuwa shina ni nene. Utaona mara moja na utaacha. Lakini shina la inchi linakubali filtri ya M20. Inazunguka, inafika, mpira unagusa, unaikaza, na haitoi tone la mafuta. Tuhesabu. Tundu la filtri ya M20, ukipima kutoka ncha ya jino hata ncha ya jino la upande mwingine, lina milimita 18,38. Shina letu lina 19,05. Tofauti ni 0,67, ni kusema kila upande jino limeshika milimita 0,33 hivi. Kama filtri ingelikuwa ya kipimo chake, tundu lingelikuwa na 17,33 na jino lingelishika milimita 0,86. Basi tulikuwa na chini ya nusu. Tena hata nusu hiyo si ya kweli, kwa sababu hatua ya meno haifanani: 1,5875 na 1,5. Ukizunguka mara nane, tofauti imefika milimita 0,7. Maana yake meno hayalali pamoja. Moja ao mawili yanabeba mzigo wote, na mengine yanatazama.

Na mzigo ni gani? Mpira wa filtri yetu una kipenyo cha sentimita 6,2, basi eneo lake ni sentimita 30 za mraba. Presyo ya mafuta ikiwa bari 4, kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya kilo 4 hivi. 30 × 4 ni kilo 120. Ni mifuko miwili ya simenti na zaidi, ikining'inia kwa meno yale mawili, saa nzima, katika mtetemo. Asubuhi mafuta yakiwa baridi na mazito, presyo inapanda kupita pale.

Filtri ilivumilia kutelemka. Wakati wa kurudi, na mzigo wa unga, katika mlima wa Ngomo ambapo barabara inapanda kutoka Kamanyola kwenda Nyangezi, Papa shofere alikuwa katika vitesi ya pili, motere ikizunguka sana. Alisikia harufu ya mafuta juu ya chuma cha moto, kisha taa nyekundu ikawaka. Alizima motere mara moja, katikati ya kona, malori yakimpigia honi nyuma na watu wakimtukana. Hakusema «nisogee kidogo hata pale pana nafasi». Tulipofungua motere hapa atelie tulikuta meno ya shina yameliwa na karteri tupu, lakini kusine zina alama ndogo tu na vilbrekeni ni nzima. Kama angelisogea mita mia mbili tungelikuwa tunatafuta motere nyingine, na sijui kwa feza gani. Shina jipya limewekwa, na gari linatembea. Nilimwomba Papa shofere msamaha mbele ya Bwana Prefe, na sasa ninafanya hivi mbele yenu.

Basi ukienda kununua, usiende na jina la gari tu. Beba filtri ya zamani. Pima meno kwa kuingiza buloni unayojua kipimo chake, ao jaribu hivi: zungusha filtri mpya juu ya shina bila kufikia mpira, kisha uivute na kuitikisa. Ikicheza-cheza, irudishe. Pima mpira, inje na ndani, kwa maana lazima ulale juu ya uso laini wa motere na si pembeni. Tazama kama kuna klape ya mpira katika matundu. Urefu ni jambo la mwisho. Filtri ndefu ni nzuri kweli, inabeba karatasi nyingi na mafuta zaidi kidogo, kama mambo mengine yote yanafanana na kama chini haitagongwa na mawe wala ubavuni haigusi bomba la moshi. Mimi nilianza na urefu.

Kuifunga: tazama kwanza kama mpira wa filtri ya zamani haukubaki umebandika kwa motere, kwa kuwa mipira miwili pamoja itaruka siku ile ile. Paka mpira mpya mafuta kwa kidole. Kaza kwa mkono hata mpira uguse, kisha ongeza robo tatu za mzunguko, bila funguo. Washa, ngoja taa izimike, tazama chini, zima, ngoja dakika chache, na upime mafuta tena kwa kijiti, kwa sababu filtri mpya imekunywa sehemu yake.

Sasa neno la kuigeuza, kwa wale wanaopenda kutengeneza. Nyuma ya atelie kuna ile Volkswagen Koksinele ya zamani tunayotumia kwa masomo. Motere yake haina filtri ya karatasi hata moja. Ina wavu wa waya tu chini ya karteri, unaofunikwa na sahani yenye buloni sita ndogo. Wavu unashika majani na vipande vikubwa. Mchanga mwembamba unapita kama samaki wadogo katika nyavu ya sambaza iliyopasuka. Tena motere inabeba litre 2,5 tu za mafuta. Njo maana kiwanda kilisema kubadilisha kila kilometre 5.000 na kusafisha wavu siku ile, na katika vumbi mbele ya pale. Kule Mexico, ambako Koksinele ilitengenezwa hata mwaka wa 2003, motere za miaka ya mwisho zilipewa filtri ya karatasi.

Mafundi wa nchi nyingi wamegeuza motere za zamani namna hii. Wanaondoa kifuniko cha pompi na kuweka kingine chenye mdomo wa kutolea mafuta. Njia ya zamani ya pompi kuingia katika motere inazibwa. Karibu na pompi kuna njia kubwa ya mafuta iliyofungwa na kizibo. Kizibo kinaondolewa, tundu linakatwa meno, na kiungo cha mrija kinafungwa pale. Mafuta yanatoka kwa pompi, yanapita mrija wa kwanza, filtri iliyofungwa fasi yenye hewa, mrija wa pili, na kurudi. Mafuta yote yanachujwa kabla ya kufika kwa vilbrekeni. Kazi nzuri.

Lakini muone hatari zake. Ile klape ya motere inayopunguza presyo iko baada ya fasi ile, ndani ya motere. Filtri na mirija vinapokea presyo yote ya pompi, na asubuhi ya baridi inaweza kuwa kubwa sana. Vifuniko vingine vina klape yao kwa ajili hiyo; hivyo ndivyo vya kutafuta. Mirija iwe ile ya mafuta ya moto na presyo, si mpira wa maji ya radiateri, ambao mafuta yanaulainisha hata upasuke. Ukikosa mirija ya kweli, acha motere na wavu wake, ubadilishe mafuta mara nyingi. Sioni haya kusema hivi: Koksinele yenye wavu safi itaishi kupita Koksinele yenye filtri nzuri na mpira wa maji. Kutoboa motere nako kunafanywa wakati imefunguliwa yote, kusudi vipande vya chuma vioshwe. Ukitoboa ikiwa imefungwa, umeweka wewe mwenyewe uchafu uliotaka kuchuja.

Kuna namna ya pili, filtri ya njia ya kando. Sehemu ndogo tu ya mafuta inapita tundu jembamba, kama milimita 1,5, inachujwa polepole sana katika kitu kizito, na kurudi katika karteri. Huko Marekani filtri za Frantz zilitumia karatasi ya choo, rulo nzima ndani ya kopo la chuma! Wanafunzi walicheka, lakini karatasi iliyobanwa vile inashika chembe ndogo kupita filtri ya kawaida. Tundu jembamba ni la lazima: ukilipanua, mafuta yatapenda njia rahisi na vilbrekeni itabaki na kiu. Tena filtri hii inasaidia ile kubwa, haichukui nafasi yake.

Maswali ya kazi ya nyumbani:

1. Filtri ya pili iliyo mezani pa atelie ina mikunjo 48, kina sentimita 1,2, urefu sentimita 6. Eneo la karatasi ni gani? Linganisha na ile ya kwanza.

2. Mpira una kipenyo cha sentimita 6,2. Asubuhi ya baridi presyo inafika bari 6. Filtri inasukumwa kwa nguvu ya kilo ngapi?

3. Motere ya mazutu haina klape ya springi ndani ya chuma chake. Jirani anakuletea filtri ya bure isiyo na klape, meno na mpira ni sawasawa. Utamjibu nini, na juu ya nini?

Majibu yaletwe atelie mbele ya siku ya posho. Siku ile, saa nane, tutakata filtri ile iliyoanguka Ngomo. Wenye kuja wavae nguo za kazi. Papa shofere ndiye atashika msumeno.